Waya Unaohama: Uzio wa Umeme wa Kuhamisha na Pumziko la Malisho



Mada niliyopewa inahusu kifaa ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba mwenyewe mpaka malishoni: waya wa plastiki uliosokotwa pamoja na nyuzi laini za chuma, vigingi vyepesi vya kuchomeka kwa mguu, na mashine ndogo ya betri inayotuma mipigo ya umeme. Kwa wengi wetu, uzio wa umeme ni kitu cha kudumu. Tunauona juu ya kuta za nyumba mjini, au tunausikia kwenye habari za hifadhi, kama ule wa milima ya Aberdare nchini Kenya uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Uzio wa namna hiyo umesimikwa kutenganisha tembo na mashamba, au mwizi na mali ya mtu. Huu ninaouzungumzia leo una kazi nyingine. Unasimamishwa asubuhi, unang'olewa kesho yake, na mahali ulipopita hapabaki hata shimo la nguzo.

Ninalotaka kulisema ni hili: uzio wa kuhamisha unampa mfugaji mamlaka juu ya muda. Kwa waya huo anaamua ng'ombe wale mahali pamoja kwa muda gani na, kubwa zaidi, nyasi zipumzike kwa muda gani kabla ng'ombe hawajarudi. Asiyejali muda, hata akinunua kilomita kumi za waya, malisho yake yatabaki vilevile. Na jamii inayojali muda, kama wazee wetu walivyojali, inaweza kuutumia waya huu kuponya malisho bila kumfungia jirani njia.

Jani linalorudiwa

Tuanze na nyasi zenyewe, maana bila kuzielewa hakuna uzio utakaotusaidia. Ukirudi nyumbani, ng'oa shina moja la Boma Rhodes ambalo bado halijatoa mbegu, ulipasue kwa ukucha kuanzia juu kuelekea chini. Utafunua jani baada ya jani, kila moja limekunjwa ndani ya lenzake, mpaka ufike kwenye kitu cheupe, kidogo, karibu kabisa na udongo. Hicho ndicho kiini kinachotoa majani mapya. Ng'ombe anapozungushia ulimi wake fungu la nyasi na kulivuta, hukata majani ya juu na kukiacha kiini hicho salama. Ndiyo maana nyasi huliwa na kuchipua tena.

Lakini kuchipua kuna gharama. Jani la kwanza baada ya kuliwa halijengwi kwa jua peke yake, kwa sababu majani ya kulinasa jua yamebaki machache. Linajengwa kwa akiba ya sukari iliyohifadhiwa sehemu ya chini ya shina na kwenye mizizi. Siku za mwanzo mmea unatumia akiba tu. Jani likishakua vya kutosha linaanza kujilisha, kisha linairudisha akiba iliyotumika, na mizizi nayo inaanza tena kurefuka.

Sasa fikirini ng'ombe akirudi siku ya tano. Atakwenda wapi? Moja kwa moja kwenye chipukizi hilo, kwa sababu ni laini, ni tamu na lina protini nyingi kuliko majani makavu yaliyo pembeni. Analikata kabla halijalipa deni lake. Akirudi juma linalofuata analikata tena. Ni sawa na mkulima anayefukua kila wiki mbegu alizopanda wiki iliyopita. Baada ya misimu michache, nyasi bora zinakufa kwa kupendwa mno, na zile ambazo ng'ombe hawazipendi zinabaki, zinakomaa, zinatoa mbegu na kutawala eneo. Kisha vinaingia vichaka.

Hapo kuna somo ambalo wengi wetu hatujalishika sawasawa. Malisho yanaweza kuharibiwa na ng'ombe watano walioachiwa eneo lote mwaka mzima, wakichagua watakacho na kurudia watakako. Idadi ya mifugo ina uzito wake, nami nitaigusa, lakini mmea mmojammoja unaumizwa na kurudiwa kabla haujapona.

Nchi zinazofuga kwenye nyasi za rai, zile za sehemu za baridi, zina kipimo ambacho mfugaji anakitumia bila mashine yoyote. Shina la nyasi hizo hubeba majani hai kama matatu kwa wakati mmoja. Jani la nne likitoka, la kwanza linaanza kufa. Basi mfugaji anaangalia: likiwa na jani moja, mmea bado uko kwenye deni; likiwa na mawili na nusu au matatu, ng'ombe waingie; likifika la nne, chakula kimeanza kuoza shambani. Nyasi zetu za joto zina mwendo wake, tena nyingi kati yake husukuma shina juu haraka baada ya mvua, lakini kanuni ya kuangalia mmea kabla ya kuangalia kalenda inafaa kila mahali.

Kutoka Normandy hadi Waikato

Mtu aliyeliweka jambo hili kwa uwazi mkubwa ni Mfaransa André Voisin, mfugaji na mwanakemia wa viumbe aliyekuwa na shamba lake Normandy. Alikuwa na tabia ya kuwatazama ng'ombe wake wakila, kwa saa nyingi, na kuandika. Kitabu chake kuhusu tija ya nyasi kilitoka mwaka 1957, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba ulishaji kupita kiasi unasababishwa na muda: mmea unaoliwa mapema mno huumia, hata kama mifugo ni wachache. Kutokana na hoja hiyo zikafuata kanuni mbili. Ya kwanza, kila kipande kipewe pumziko la kutosha, na pumziko hilo lirefushwe nyasi zinapokua polepole. Ya pili, ng'ombe wasikae kipande kimoja muda mrefu kiasi cha kula chipukizi la nyasi walizozila wao wenyewe siku za mwanzo.

Kanuni ni njema, lakini zilihitaji vipande vingi, na vipande vingi vya seng'enge na nguzo za mbao vingemfilisi mfugaji. Jibu la kivitendo lilikuwa tayari likitengenezwa upande wa pili wa dunia, katika mkoa wa Waikato, New Zealand. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 Bill Gallagher alichoshwa na farasi wake aliyekuwa akijikuna kwenye gari, akaliunganishia gari hilo saketi ya umeme, na farasi akaacha. Kampuni ya nyuzio iliyotokana na jina lake bado ipo hadi leo.

Mashine za mwanzo zilikuwa na udhaifu mkubwa: nyasi mbichi zikigusa waya, nguvu yote inavujia ardhini na uzio unakufa. Mwaka 1962 Doug Phillips, mtafiti katika kituo cha utafiti cha Ruakura, karibu na mji wa Hamilton, alitengeneza mashine inayokusanya umeme kwenye kapasita na kuuachia wote kwa mpigo mmoja mfupi wenye nguvu. Mpigo huo uliweza kusafiri mbali hata nyasi zikiugusa waya. Kuanzia hapo mfugaji wa maziwa wa Waikato aliweza kugawa shamba lake kila siku kwa waya mmoja. Mpaka leo ng'ombe wengi wa huko hupewa ukanda mpya wa nyasi kila baada ya kukamuliwa. Majira ya kuchipua, kundi huzunguka shamba zima kwa siku kama 20 hadi 25. Majira ya baridi, nyasi zinapokaribia kusimama, mzunguko huohuo hurefushwa hadi siku 60, 80, hata 100. Waya ni uleule na shamba ni lilelile, ila mfugaji anaufuata mwendo wa nyasi.

Mpigo mmoja kila sekunde

Nieleze sasa jinsi kifaa kinavyofanya kazi, maana makosa mengi hutokana na kutokijua.

Mashine huchukua umeme wa betri ya volti 12, ambayo inaweza kuchajiwa kwa paneli ndogo ya sola. Inaujaza kwenye kapasita, kisha inauachia kupitia transfoma, na waya unapata volti elfu kadhaa, mara nyingi kati ya 5,000 na 9,000. Mpigo unadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, halafu kimya kwa muda kama wa sekunde moja, halafu mpigo mwingine. Ukisimama karibu na mashine utasikia mlio wake mdogo, tik, tik, tik. Kimya hicho cha katikati ndicho kinachomwezesha mnyama au mtu kujitoa. Umeme wa nyumbani hauna kimya hicho. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo wote nilio nao: mtu asiunganishe kamwe waya wa malishoni moja kwa moja na umeme wa ukutani. Huo ni mtego wa kuua, na wapo waliopoteza watoto kwa sababu hiyo. Nunua mashine iliyotengenezwa kwa kazi hii na inayofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-76.

Umeme lazima urudi ulikotoka. Ng'ombe akigusa waya kwa pua yake yenye unyevu, umeme unapita mwilini, unashuka kwenye kwato, unaingia udongoni na kurudi kwenye mashine kupitia fimbo za ethi zilizochimbiwa ardhini. Ndege akitua juu ya waya hapati kitu, kwa sababu hakuna njia ya kurudi. Kwa hiyo uzio unaosemekana kuwa dhaifu mara nyingi una mashine nzima na ethi mbovu. Chimbia fimbo tatu za chuma kisichoshika kutu, kila moja mita moja au zaidi kwenda chini, zikiwa zimeachana mita tatu hivi, mahali penye unyevu. Fimbo moja fupi iliyopigwa nyundo kwenye udongo mkavu ni kazi bure.

Hapa ndipo nchi zetu zinapotofautiana na Waikato. Huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwetu, mwezi wa Agosti udongo wa Dodoma au wa Kajiado umekauka kiasi kwamba haupitishi umeme vizuri, na ng'ombe mwenye kwato ngumu zilizokauka anaweza kuusukuma waya wenye volti 7,000 bila kuhisi cha maana. Suluhisho lake linajulikana: tumia nyaya mbili, mmoja wa moto na mmoja uliounganishwa na ethi. Mnyama akizigusa zote mbili kwa pamoja anapigwa shoti kamili bila kuutegemea udongo. Anayewauzia wafugaji wa maeneo makavu waya mmoja bila kuwaeleza jambo hili anawafanya waichukie teknolojia nzima.

Na kila asubuhi, pima. Kipima volti cha uzio kina bei ndogo ukilinganisha na hasara ya ng'ombe kumi kuingia kwenye mahindi ya jirani. Kwa ng'ombe, volti 3,000 mwisho wa waya zinatosha. Kwa kondoo na mbuzi lenga 4,000 au zaidi, kwa sababu sufu na manyoya huzuia umeme. Ng'ombe waliozoea wanatosheka na waya mmoja kwenye kimo cha pua, sentimita 75 hadi 90. Mbuzi wanahitaji nyaya tatu au nne, au wavu.

Kufundisha mifugo na kulinda wengine

Waya wa milimita chache haumzuii ng'ombe wa kilo 400 kwa nguvu zake. Unamzuia kwa kumbukumbu. Kwa hiyo mifugo lazima wafundishwe kabla ya kupelekwa malishoni. Chukua boma imara, pitisha waya wenye umeme ndani yake, hatua chache kutoka ukutani, uwaache humo siku mbili na maji na majani. Watausogelea wenyewe, watanyoosha pua, watapigwa, wataruka nyuma. Baada ya hapo wanaujua. Asiyefundishwa, akipigwa kwa mara ya kwanza akiwa mbio malishoni, hukimbilia mbele na kuuvunja, na anajifunza kwamba uzio hupenyeka. Mnyama huyo ni vigumu kumrudisha.

Kwa sababu hiyohiyo, waya huu si boma la usiku. Kundi lililoshtushwa na fisi au simba halina kumbukumbu ya waya, na mwizi wa ng'ombe haogopi kigingi cha plastiki. Jioni mifugo warudi bomani, na mchungaji abaki na kazi yake. Wasiwasi kwamba uzio unakuja kumwondolea mchungaji ajira nauheshimu, lakini uzoefu wa kazi yenyewe unaonyesha vingine: uzio wa kuhamisha unamtaka mtu anayeyajua malisho, anayeona leo kwamba ukanda huu umeliwa vya kutosha. Mtoto aliyekuwa akikimbiza ng'ombe kutwa nzima badala ya kwenda shule ndiye anayeachiliwa.

Lipo pia deni letu kwa viumbe wengine. Afrika Kusini, watafiti wameorodhesha kobe na kakakuona waliokufa kwenye nyuzio za umeme zenye waya wa chini kabisa. Kakakuona akipigwa hujikunja, na hujikunja akiwa ameukumbatia waya. Waya mmoja wa ng'ombe ulio juu ya magoti hauwagusi. Wavu wa mbuzi unawagusa, na unaweza pia kunasa pembe za mbuzi wenyewe. Anayetumia wavu auzungukie kila siku, na auondoe usipokuwa na umeme. Seng'enge yenye miiba isitiwe umeme hata kidogo, kwa sababu anayenaswa kwenye mwiba hawezi kujitoa. Weka vibao vya hatari mahali watu wanapopita, na waambie watoto wa jirani kwa maneno yako mwenyewe.

Hesabu ya ukanda mmoja

Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaweza kuurudia shambani kwake. Una ng'ombe kumi wa kilo 350 hivi. Kila mmoja anahitaji kama kilo 10 za nyasi, kwa uzito wa zikiwa zimekaushwa, kwa siku. Kundi zima kilo 100.

Tengeneza mraba wa fito, mita moja kila upande. Utupe mahali penye nyasi za wastani, ukate kwa mundu zilizo ndani yake ukiacha sentimita kumi chini. Hizo unazoziacha ni za mmea, usizihesabu. Zilizokatwa zikaushe kabisa, uzipime. Rudia sehemu tano au sita upate wastani. Tuseme umepata gramu 100. Basi kila mita ya mraba ina gramu 100 za kuliwa, na kilo 100 zinataka mita za mraba 1,000: ukanda wa mita 50 kwa 20. Huo ndio mlo wa siku moja.

Ukitaka kila ukanda upumzike siku 30, unahitaji kanda 31, yaani hekta 3.1, kati ya ekari saba na nane. Hesabu hiyo inakupa majibu mengine mara moja. Ukiwa na ekari nne tu, huna malisho ya ng'ombe kumi. Ama upunguze ng'ombe, ama uwaongezee chakula cha kukata kama mabingobingo, na ujue umefanya hivyo kwa makusudi. Mvua ikipungua na nyasi zikahitaji siku 50 kupona, ekari zilezile zinalisha ng'ombe wachache zaidi, au kila ukanda unakuwa mdogo. Uzio unakulazimisha kuona upungufu mapema, wakati bado kuna nyasi za kuokoa na ng'ombe wana bei nzuri sokoni.

Kazi ya kila siku ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Pembeni pakiwa na mpaka imara, panga nyaya tatu za mita 50: mmoja nyuma ya ng'ombe, mmoja mbele yao, na wa tatu umetenga tayari ukanda wa kesho. Asubuhi unaufungua wa mbele, kundi linapita lenyewe, kisha unaukunja wa nyuma kwenye gurudumu lake na kwenda kuusimamisha mbele zaidi. Baada ya siku chache ng'ombe wanakusubiri. Ule waya wa nyuma watu wengi huuacha kwa kubana matumizi, na hilo linaharibu kazi yote, kwa sababu ng'ombe wanarudi kula machipukizi ya juzi. Acha pia njia ya kwenda kwenye maji, maana ng'ombe wa maziwa siku ya joto anaweza kunywa lita 60 au zaidi.

Kisha andika: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kimo cha nyasi, maziwa ya siku hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malisho ni mali.

Faida nyingine iko chini ya mkia. Sehemu kubwa ya virutubisho anavyokula ng'ombe hurudi kwenye kinyesi na mkojo. Akiachiwa eneo kubwa, huvipeleka chini ya mti wa kivuli, kwenye mto na bomani. Huko Laikipia, mahali palipokuwa maboma ya zamani pameonekana kubaki na nyasi zenye rutuba kwa miongo kadhaa baada ya watu kuhama, hata wanyamapori hupafuata. Rutuba hiyo ilitoka malishoni na haikurudi. Kundi linaloshinda kwenye ukanda mdogo linaiacha mbolea yake hapohapo ilipotoka, ikiwa imesambaa.

Yasiyo katika uwezo wa waya

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia kwenye sifa. Mwaka 2008 David Briske na wenzake nchini Marekani walichapisha mapitio ya majaribio mengi yaliyolinganisha ulishaji wa mzunguko na ulishaji wa kuachia katika nyanda za malisho ya asili. Walichokuta ni kwamba, katika sehemu kubwa ya majaribio, mzunguko haukuongeza nyasi wala uzito wa mifugo kuliko kuachia, mradi idadi ya mifugo ilikuwa ileile. Wapo wafugaji waliokataa hitimisho hilo wakisema majaribio yalifuata ratiba ngumu, na mfugaji hodari hafuati ratiba. Mimi nachukua somo kutoka pande zote mbili. Kwenye nyanda kavu, mvua na idadi ya mifugo vina nguvu kuliko mpango wowote wa vipande. Na kuhamisha kwa kalenda tu, bila kutazama nyasi, ni kubeba waya kwa bidii bila kupata faida. Mahali penye mvua ya kutosha na nyasi zinazochipua haraka, kama Njombe, Rungwe, Nyandarua au Uasin Gishu, waya utalipa mapema. Mahali pakame, utalipa iwapo utatumika kulinda pumziko la msimu mzima.

Kuhusu minyoo, kuna habari njema zenye mipaka. Mayai yanayotoka na kinyesi huhitaji siku kadhaa kuwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani. Kwenye visiwa vya Pasifiki ya Kusini, penye joto na unyevu, mbuzi walizungushwa katika vipande kumi, siku tatu na nusu kila kimoja, na wakahitaji dawa mara chache zaidi, kwa sababu huko viluwiluwi hufa upesi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi huishi muda mrefu zaidi, hivyo mzunguko huohuo hautoshi.

Kuhusu kupe, msidanganyike. Kupe wa masikio, anayeleta ndigana kali, akikomaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, akisubiri. Siku 30 za pumziko si kitu kwake. Josho na chanjo viendelee kama daktari wa mifugo anavyoelekeza.

Waya na ardhi ya wote

Nimeliacha mwisho jambo linalonigusa zaidi.

Mwaka 2017 Mette Løvschal na wenzake walichapisha utafiti wa picha za setilaiti za eneo la Mara nchini Kenya, kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Picha zilionyesha nyuzio za kudumu zikiongezeka kwa kasi kubwa miaka ya mwisho, na wakaonya kwamba mfumo mzima wa ikolojia unaweza kuporomoka. Kila anayewajua nyumbu, pundamilia au ng'ombe wa kuhama anaelewa maana yake: njia za kufuata mvua zinafungwa. Mwenye kiwanja anazungusha waya kwa kuogopa kwamba jirani atamaliza nyasi zake, jirani naye anafanya hivyo, na mwisho wake kila mmoja amebaki na kipande kisichomtosha mwaka wa ukame.

Uzio wa kuhamisha unaweza kutumika kuiongeza hofu hiyo, au kuipunguza. Chaguo ni letu. Wazee walikuwa na pumziko bila waya. Wasukuma walitenga ngitili, eneo lililofungwa wakati wa mvua ili liwe na nyasi wakati wa kiangazi, kisha likafunguliwa sehemu kwa sehemu. Wamasai walitenga alalili kwa ajili ya ndama na ng'ombe wasioweza kutembea mbali. Mpaka wa maeneo hayo ulikuwa makubaliano na aibu ya kuyavunja. Kuanzia mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulijenga juu ya ngitili, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota tena miti na nyasi katika mkoa uliokuwa ukielekea jangwa. Kilichofanya kazi pale ni sheria ya kijiji iliyoheshimiwa.

Basi waya uwe mtumishi wa makubaliano ya namna hiyo. Kijiji kikiamua alalili ipumzike miezi minne, kilomita moja ya waya wa kuhamisha inaweza kuwasaidia wachungaji kuilinda mwezi wa kwanza, nyasi zikiwa changa na vishawishi vikubwa, kisha ikaondolewa na kuacha njia wazi. Ngitili ikifunguliwa kiangazi, waya unaweza kuigawa ukanda kwa ukanda ili nyasi zidumu hadi mvua badala ya kukanyagwa zote kwa wiki mbili. Tanzania ina sheria ya maeneo ya malisho ya mwaka 2010, na Kenya ina sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016. Zote mbili zinaipa jamii mahali pa kuanzia kuandika taratibu zake. Waya unaosimama kwa idhini ya mkutano wa kijiji na kuondoka kwa tarehe iliyokubaliwa hautamnyima mtu haki yake.

Nawaomba mambo matatu. Wafugaji wenye ardhi ya kutosha, mvua zijazo msigawe shamba zima. Anzeni na ekari mbili, nyaya tatu na daftari, na upande wa pili uacheni kama mlivyozoea, ili mlinganishe kwa macho yenu. Maofisa ugani, kabla ya kumsifia mtu mashine, mfundisheni kupasua shina la nyasi na kutumia mraba wa fito, kwa sababu anayeweza kusoma nyasi atajua mwenyewe kama anahitaji waya. Na viongozi wa vijiji na kaunti, mnapopanga fedha za mifugo, nunueni vifaa vya pamoja vinavyoazimwa kwa zamu, vyenye fundi mmoja aliyefunzwa ethi na usalama, badala ya kumwachia kila mtu azungushe seng'enge yake.

Ng'ombe wetu wamekuwa wakilaumiwa kwa jangwa ambalo sisi tuliwaruhusu walitengeneze, kwa kuwaachia warudi mapema mno mahali palepale. Kuzipa nyasi muda wao kuko ndani ya uwezo wetu, tuwe na waya au tusiwe nao, na kazi hiyo inaweza kuanza mvua hizi zinazokuja.